Nimechomelea benchi la kukalia, mteja kalizungushia kamba. Hii ni fenicha au sanaa?

Grenda la Tabata (mwanzisha uzi)

Habari za muda huu wanajamvi.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, kijiwe kiko Tabata. Kazi zangu ni mageti, grili za madirisha, vitanda vya chuma na yale mabenchi ya bomba mnayoyaona kwenye vituo vya bodaboda. Sanaa sijasomea. Naomba nieleze kilichonikuta, mnipe mawazo, matusi muyaache mlangoni.

Mwezi wa pili alikuja msimamizi wa hoteli moja hapa mjini (jina nalihifadhi). Pale kijiweni nina kiti changu nilichokiunga kwa mabaki siku za kukosa kazi: gia zilizolika meno, cheni za pikipiki, springi za lori, na miguu ni pistoni nne. Akakizunguka mara mbili, akasema anataka benchi la namna hiyo la kukaa watu watatu, la kuweka mapokezi. Tukakubaliana laki tatu na nusu, chuma juu yangu, usafiri juu yake.

Nimelala na hilo benchi wiki tatu. Egemeo nimelipinda kama mgongo wa ng'ombe aliyelala, mbavu zake ni springi. Nilikuwa nalipima kwa makalio yangu mwenyewe: nakaa, nikisikia pembe inachoma napitisha grenda, nakaa tena. Mama chapati wa jirani ndiye alikuwa mkaguzi mkuu. Siku moja akakaa akasema "hapa panabana nyonga, unadhani wote wembamba kama wewe?" Nikakata, nikapanua sentimita nne.

Juzi nimepita kule hotelini kwa shughuli nyingine. Benchi limepandishwa juu ya jukwaa la mbao, taa tatu zinalimulika, limezungushiwa kamba nyekundu, na kibao: TAFADHALI USIKALIE. Wageni wanapiga nalo picha. Nikataka kukaa, mlinzi akanizuia kwa mkono, "Mzee, hiyo ni sanaa."

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Kama ni benchi, mbona halikaliwi? Na kama ni sanaa, mbona nililipwa pesa ya benchi?

Kachumbari Moto

Umelipwa, umekula, umejisaidia. Unataka nini tena mkuu? Fundi wa majeneza naye aende makaburini kuhakikisha mteja kalala vizuri?

Naweka Kambi

Nimekaa hapa kusubiri wajuzi washushe nondo. Nimekaa kwenye kiti kinachokalika.

Msafiri wa Peckham

Mkuu Grenda, usichukulie poa hilo swali lako. Niko London mwaka wa tisa, na kuna kiti kimoja hapa British Museum nikienda na wanangu lazima nisimame mbele yake. Kinaitwa Throne of Weapons, yaani kiti cha enzi cha silaha. Alikitengeneza Mmsumbiji, Cristóvão Canhavato, wengi wanamwita Kester, mwaka 2001. Makumbusho yakakinunua 2002.

Kwa umbo ni kiti tu, kina urefu kama wa mita 1, kina mikono na egemeo. Ila kila kiungo ni bunduki iliyokatwakatwa. Egemeo ni bunduki mbili aina ya G3 za Wareno, zimesimamishwa vitako juu. Mikono ni AK-47 za Kisovieti. Pa kukalia ni bunduki za Poland na Czechoslovakia. Mguu mmoja wa mbele ni mtutu wa AKM ya Korea Kaskazini. Ukikitazama kiungo kwa kiungo unasoma vita nzima: nani alimtawala Mmsumbiji, nani alimpa silaha. Na hakuna hata kipande kimoja kilichotengenezwa Afrika.

Kule juu, kwenye vitako vya zile G3, tundu za skrubu na mwanya wa kupitishia mkanda vimekaa kama macho na mdomo. Sura mbili, na ukitazama vizuri zinatabasamu. Kester mwenyewe ameeleza kwamba hakuzichonga wala kuziongeza, alizikuta kwenye bunduki akachagua kuziweka pale. Hilo ndilo hunisimamisha, kuliko hata habari ya vita.

Kukaa? Huruhusiwi. Lakini miaka ya 2005 na 2006 kiti hicho kilizungushwa Uingereza, mpaka mashuleni na magerezani. Sasa niambie, kuna fenicha gani inapelekwa kutembelea wafungwa?

Grenda la Tabata

Msafiri, nimetafuta picha yake nimeiona. Mimi kwanza nimetazama mishono. Watu hawajui, ila chuma cha mtutu si sawa na bomba la geti. Kina ugumu wake, kama springi ya lori. Ukikichomelea kikiwa baridi, kesho asubuhi unakuta mshono umejikata wenyewe. Lazima ukipashe moto kwanza, na ukimaliza ukiache kipoe taratibu. Huyo bwana ni fundi. Sanaa yake sijui, ufundi nimeuona.

Mjukuu wa Nachingwea

Hapo kwenye silaha naomba niongeze, maana inatuhusu. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1962, na Nachingwea ndipo wapiganaji wake walikuwa na kambi kubwa ya mafunzo. Uhuru wakaupata 1975. Halafu ikaja vita ya wenyewe kwa wenyewe, FRELIMO na waasi wa RENAMO, kuanzia 1977 mpaka walipotia saini amani Roma mwaka 1992. Vita ikaisha, bunduki zikabaki. Zimefukiwa mashambani, zimefichwa darini, chini ya vitanda.

Mwaka 1995 askofu wa Kianglikana, Dinis Sengulane, pamoja na Baraza la Kikristo la Msumbiji, wakaanzisha mpango: leta bunduki, chukua jembe la kukokotwa, au baiskeli, au cherehani. Kuna kijiji kilikusanya silaha nyingi kikapewa trekta. Bunduki zikawa zinakatwa ili zisirudi kazini, na vyuma vikapelekwa kwa wasanii wa Maputo. Kester ana ndugu wawili waliopoteza mguu kwenye vita ile, mmoja kwa bomu la ardhini. Kwa hiyo alipokuwa anapanga ile mitutu hakuwa anacheza na skrepa.

Na hakuwa peke yake. Gonçalo Mabunda, mzaliwa wa Maputo wa mwaka 1975, hadi leo anatengeneza viti vya enzi vya mabaki ya silaha, na 2015 vilionyeshwa kule Venice kwenye maonyesho makubwa kabisa ya sanaa duniani. Halafu kumbuka bendera ya Msumbiji ina AK-47 juu yake. Huku iko bendereni inapepea, huku iko chini ya makalio. Mimi nadhani kumkalisha mtu juu ya bunduki ni dharau nzuri sana kwa bunduki.

Kachumbari Moto

Makalio yenyewe hayaruhusiwi, Msafiri kashasema.

Mjukuu wa Nachingwea

@Kachumbari Moto ndiyo, lakini kiti kinakuita ukae. Kingekuwa sanamu ya njiwa ungepita. Kwa sababu ni kiti, mwili wako unajua la kufanya kabla akili haijafika, halafu unaona mitutu unasita. Kule kusita ndiko alikokutaka.

Mtu wa Mkomani

Asalaam aleikum. Mimi ni wa Lamu na naona mnahangaika na jambo ambalo huku halina hata mjadala. Kiti cha enzi mnakijua? Si cha bunduki, cha mpingo. Kimenyooka kama mtu anayeswali, egemeo refu, kina pa kuwekea miguu, pa kukalia na mgongoni pamesukwa uzi, na mbao zimetiwa nakshi za pembe na mfupa. Huundwa kwa kuchomekana mbao kwa mbao, na huweza kuvuliwa vipande kikasafirishwa. Vilikuwako Lamu, Pate, Siyu, Mombasa, hata Unguja.

Sasa kiti hiki kilikaa wapi? Kwenye nyumba za wenyewe. Na nani alikikalia? Si mimi wala wewe. Mgeni wa heshima, mzee, au siku ya harusi. Siku nyingine zote kilikuwa pale, kitupu, kinatazamwa. Nyumba yenye kiti cha enzi kitupu ilikuwa ishasema kila kitu kabla mwenyewe hajatoka kukulaki. Hakuna aliyeweka kamba. Kamba ilikuwa kwenye adabu. Mtoto angeparamia angekula kofi, basi.

Kwa hiyo ndugu Grenda, kiti kisichokaliwa si uvumbuzi wa hoteli yako.

Na kwa faida ya wanaotaka kuagiza: bado mafundi wapo. Pembe ya ndovu usiulize, ni kesi. Na muulize fundi mbao ni gani, si kila cheusi ni mpingo, vingine ni rangi.

Wa Katuba

Jambo yenu bandugu. Miye niko huku Lubumbashi, nitajikaza niandike Kiswahili chenu.

Huyo wa Lamu amesema vizuri, lakini Baluba, watu wa huku Kongo, walikwenda mbele zaidi. Kigoda cha mfalme wa Baluba kinaitwa lupona. Kinachongwa kwa gogo moja: mwanamke amepiga magoti au amesimama, amebeba pa kukalia kwa kichwa na ncha za vidole. Si mtumwa, msikosee. Ni mwanamke kwa sababu waliamini mwili wa mwanamke tu ndio una nguvu ya kushika roho ya mfalme. Kigoda kile ni kiti cha roho. Kilifungwa kitambaa cheupe, kikafichwa, wakati mwingine hata kijiji kingine, kikatolewa kwa nadra sana. Kwa hiyo mwenye kukikalia yuko, ila hana makalio.

Kuna fundi mmoja Wazungu wanamwita Bwana wa Buli, kwa jina la kijiji kilikookotwa kazi yake moja. Nyuso zake ndefu, mashavu yameingia ndani kama ya mtu aliyefunga siku nyingi. Kazi kama 20 hivi zinahesabiwa kuwa za mkono ule. Ziko London, ziko New York. Jina lake halisi wakusanyaji hawakujisumbua kuuliza. Grenda, wewe jina lako uliandika kwenye benchi?

Grenda la Tabata

Sikuandika. Geti huwa siandiki jina, nikaona benchi nalo hivyo hivyo.

Bi Shamba

Wanaume mnazunguka mbali, viti vya wafalme, viti vya mizimu. Mbuzi ya kukunia nazi mmeisahau? Ni kigoda, ni chombo cha jikoni, na nyingine zimenakshiwa kuliko mlango. Mimi nimeikalia miaka arobaini. Juzi nimeingia nyumba ya mtu Mbezi, kaitundika ukutani sebuleni, kaipiga vanishi, eti urembo. Nikamuuliza nazi unakunia nini, akasema ananunua tui la paketi. Basi nikanyamaza. Ile mbuzi imeacha kazi imekuwa sanaa, kama mstaafu.

Grenda baba, nina swali la kijinga. Zile cheni za pikipiki ulizisafisha?

Grenda la Tabata

Nilizilowesha mafuta ya taa siku mbili mama, nikazifuta.

Bi Shamba

Haya.

Kibali Mkononi

Mimi ni wakala wa forodha bandarini, ngoja niwaambie serikali zinavyoona. Fenicha ya kukalia inaingia kwenye kifungu 9401. Sanamu halisi iliyotengenezwa na msanii inaingia 9703. Ni sura mbili tofauti kabisa za kitabu cha ushuru, na utaratibu huu unafuatwa karibu dunia nzima. Tena kuna maelezo yanasema kazi ya ufundi wa kawaida yenye sura ya biashara haiingii 9703 hata kama imetengenezwa na msanii. Kwa hiyo benchi la mkuu Grenda likipakiwa kontena kwenda nje, kuna ofisa atalitazama aamue. Hataangalia uzuri. Atauliza liko moja au yako mia, nani kalitengeneza, na kazi yake nini.

Kesi maarufu ya mambo haya ilitokea New York. Mwaka 1926 sanamu ya shaba ya mchongaji Constantin Brancusi, Bird in Space, ilitoka Ufaransa kwa meli. Ni ndege, ila haina bawa wala mdomo, ni umbo refu limeng'arishwa. Sanaa ilikuwa haitozwi ushuru. Maofisa wakaitazama, wakaiandikia kundi la vyombo vya jikoni na vifaa vya hospitali, ushuru asilimia 40. Brancusi akaenda mahakamani. Mashahidi wakaulizwa maswali kama: ungemkuta huyu porini ungempiga risasi ukidhani ndege? Mwaka 1928 mahakama ikampa ushindi.

Kila nikikumbuka nacheka, lakini yule ofisa namwelewa. Mimi mwenyewe ningeandika mwiko.

Msanifu wa Kota

Huyo huyo Brancusi kule kwao Romania, mji wa Târgu Jiu, ana meza ya mawe na vigoda 12 vya mawe kuizunguka, ya mwaka 1938. Inaitwa Meza ya Ukimya.

Mimi nasomea usanifu majengo na hapa napingana na wengi. Kuna Mmarekani, Donald Judd, alikuwa mchongaji na pia alitengeneza meza na vitanda, na alipohamia Marfa, mji mdogo Texas, hakupata vya kununua vinavyokalika machoni pake. Aliwahi kujaribu kugeuza sanamu yake moja kuwa meza ya kahawa. Akakiri mwenyewe: sanamu iliharibika, meza ikawa mbovu, akaitupa. Msimamo wake ulikuwa kwamba kiti kizuri hakiwi kizuri kwa kufanana na sanamu, kina akili yake cha peke yake, na kama hakikaliki basi ni kiti kibaya, hakijapanda cheo.

Upande wa pili yuko Scott Burton, alichukua majabali, akayakata mikato miwili mitatu, yakawa viti. Hivyo unakaa, ruhusa. Ukikaa unamaliza kazi aliyoianza.

Kwa mtazamo wangu Grenda ni wa upande wa Burton. Alipima kwa makalio ya mama chapati. Hoteli imemhamisha bila kumuuliza.

Kachumbari Moto

Nondo zote hizi na bado hakuna aliyesema bei. Laki tatu na nusu imegawanywaje?

Grenda la Tabata

Skrepa laki moja na kumi (springi ndizo ghali). Vijiti vya kuchomelea na mawe ya grenda elfu sitini na kitu. Umeme sijahesabu. Kilichobaki gawanya kwa wiki tatu, halafu usiniambie jibu.

Kibali Mkononi

Ungekata jina lako pale chini tungekuwa tunazungumza mengine. Sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inataja sanamu, na inataja pia kazi za sanaa za matumizi, ziwe za mkono au za kiwandani. Kwa hiyo ukiitwa fundi au msanii, unalindwa. Nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kasajili, na makubaliano yajayo yaandike.

Naweka Kambi

Kwani lazima kiti kiwe na mbao? Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuna Kigoda cha Mwalimu, yaani cheo cha uprofesa kwa jina la Nyerere, tangu 2008, wa kwanza kukikalia alikuwa Profesa Issa Shivji. Hakina mguu hata mmoja.

Kachumbari Moto

Na hakijawahi kubana nyonga ya mtu.

Grenda la Tabata (MREJESHO)

Wakuu, nimetoka hotelini leo. Nilikwenda na mama chapati, kavaa dera lake la sikukuu. Niliingia na maneno yenu yote kichwani: Kester, Lamu, Baluba, mpaka yule ndege wa shaba. Nilikuwa nimejipanga kumwambia msimamizi achague, aondoe kamba au aongeze pesa.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akafungua droo akatoa simu, akanionyesha picha ya kanzu nyeupe. Mgongoni ina mistari mitatu myeusi, imenyooka kama imepigwa rula. Ni mgeni wa siku ya pili tu tangu benchi lifike. Siku ya nne bibi mmoja wa Kihindi akaamka sari ikabaki, imenaswa kwenye cheni. Hoteli imelipa kanzu, imelipa sari. Alitaka kunirudishia benchi langu, ndipo mtu wa mapokezi akapata wazo la kamba.

Bi Shamba, nakuamkia. Mafuta ya taa yanaosha nje tu. Ndani ya vile viungo vya cheni grisi ilikuwa imelala, jua la dirishani likaiamsha.

Bi Shamba

Marahaba. Niliendesha pikipiki ya marehemu mume wangu miaka sita baba, najua cheni inavyolia na inavyotapika.

Mtu wa Mkomani

Allahu akbar. Tumezunguka Afrika nzima kumbe ni grisi.

Grenda la Tabata

Nikamwambia nipe benchi siku nne, nichemshe zile cheni, nizijaze mshono mwanya kwa mwanya, nipige vanishi, likalike. Akakataa! Anasema wageni washalizoea hivyo, wanaandika habari zake mitandaoni, na akilishusha jukwaani pale mapokezi patakuwa peupe. Anataka niongeze jina langu na mwaka kwenye mguu, basi. Na anataka benchi la pili, la kukalia, liwe ukumbini, lisilo na cheni.

Mama chapati ndiye alivuka kamba tukiwa tunaongea. Akakaa katikati, dera la sikukuu na yote, akamwambia mlinzi "mimi ndiye niliyelipima hili." Mlinzi akamwangalia msimamizi, msimamizi akatazama pembeni. Alipoinuka tukakagua dera. Safi.

Sasa nisaidieni hili moja: jina naandika kwa bure, au nalo lina bei? Na la pili nimtajie shilingi ngapi?

Kachumbari Moto

La pili laki tatu na nusu. Hilo si ndilo benchi.

Wa Katuba

Jina usiandike kwa bure. Muulize Bwana wa Buli.

Msanifu wa Kota

La pili ndilo ghali, mkuu. Litafanya kazi kila siku.

Grenda la Tabata

Mnanichanganya. Kesho nakwenda Tandale kutafuta springi, nitapita na kwa fundi wa mihuri nimuulize herufi anachonga kwa shilingi ngapi.